Jirani ameleta ATM ya maziwa, na sasa naletewa daftari lake

Mpendwa Mshauri,

Nina umri wa miaka 43, mama wa watoto watatu, na nina duka la maziwa hapa Kaptembwo, Nakuru. Nililianza na mtungi mmoja na jiko la makaa, kitindamimba wangu akiwa mgongoni. Sasa yuko shule ya sekondari. Mume wangu ameajiriwa kwenye shamba la maua Naivasha, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Karo na kodi ya nyumba zimetoka dukani humu kwa miaka mingi.

Maziwa naletewa na kijana wa bodaboda kutoka kwa wakulima wa upande wa Njoro. Yakinifikia huwa yamenigharimu shilingi 52 kwa lita, na nilikuwa nauza 70. Kwa siku nilikuwa natoa karibu lita 80. Hoteli ndogo nne huchukua lita 35 hivi asubuhi na kunilipa mwisho wa wiki. Zilizobaki huwa ni za wapangaji, hasa jioni wakitoka kazini. Mwenye pesa kidogo nampimia kikombe cha robo lita kwa shilingi 20.

Baada ya Pasaka, mume na mke vijana walifungua duka lao mkabala na langu. Ni barabara tu inayotutenganisha. Wameleta ATM ya maziwa, ile mashine inayong'aa ambayo mteja anataja pesa alizo nazo, inabonyezwa, na maziwa yanatoka yenyewe. Wana bango kubwa, taa na muziki. Lita yao ni 70, sawa na yangu ya wakati ule.

Mshauri, tangu siku hiyo sina raha. Ikifika saa kumi na mbili jioni naacha kupanga vyombo, nasimama mlangoni nahesabu wanaoingia kwao. Naona sura za wateja wangu kwenye foleni yao. Kuna mama ambaye nimempimia maziwa tangu mtoto wake hajaota meno. Juzi alinipita ameficha chupa ndani ya leso. Niliingia ndani nikalia.

Nilishusha bei hadi 65 kwa wote, nikidhani watarudi. Hawakurudi. Sasa lita 60 kwa siku nazimaliza kwa shida. Kilichobaki vilevile ni mala, yaani maziwa ya kuganda. Nauza lita 15 hivi kwa siku, shilingi 100 lita, hasa wikendi na wakati watu wanataka kulia ugali. Lakini hiyo ni ya kando tu, siwezi kusema ndiyo biashara yangu. Na la kuniudhi zaidi, yule mke wa jirani naye humtuma mtoto aje anunue mala kwangu. Tunasali kanisa moja, huniita mama, lakini naamini wananichunguza.

Watu wananiambia kwamba maziwa yao yametiwa maji, wengine wanasema yana dawa ya kuyafanya yasiharibike. Wateja wakiniuliza kama ni kweli, nanyamaza, lakini nakiri moyo wangu hufurahi kidogo.

Mume wangu anasema dawa ya moto ni moto. Anataka tukope kwenye sacco yake tununue mashine kama ile. Tuliulizia, tukaambiwa ya lita mia ni shilingi 250,000. Yeye yuko tayari kutafuta wadhamini. Mimi naogopa, lakini nikikataa ataona nimekubali kushindwa.

Halafu wiki iliyopita alinijia kijana aliyekuwa mhudumu pale kwa jirani. Anasema wamemfukuza bila kumlipa mshahara wa mwezi. Ana picha za daftari lao kwenye simu: wakulima wanaowauzia na bei wanayowalipa, hoteli wanazopelekea, wateja wa mkopo na namba zao za simu. Anataka shilingi 3,000. Aliniambia, "Mama, ukiona hii utajua mahali unapoachwa." Sijampa jibu. Silali. Nataka sana kujua mimi niko wapi kando ya hawa watu, lakini pia namwogopa Mungu.

Nifanye nini?

Mama Maziwa, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mama Maziwa,

Pole. Kumwona mteja wa miaka mingi akikupita ameficha chupa kwenye leso kunauma, na hukukosea kulia. Duka ulilolijenga mtoto akiwa mgongoni halikuletei pesa tu, ndilo limekuweka mtaani kama mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo mtu akivuka barabara unahisi amekuacha wewe, wala si maziwa yako.

Barua yako ina mambo matatu yaliyofungamana: wateja waliohama, mkopo anaoutaka mumeo, na daftari la yule kijana. Chini ya yote matatu kuna swali moja: nikijipima na hawa, niko wapi? Ni swali la haki. Anayefanya biashara bila kumtazama jirani hujikuta amepitwa bila kujua. Ninalotaka tulitazame kwanza ni kile unachojipimia, kwa sababu nimeisoma barua yako mara kadhaa nikiwa na kalamu na karatasi, na nimeona umeniandikia hesabu ambazo wewe mwenyewe hukuzipiga.

Anza na ile foleni ya jioni inayokuvunja moyo. Chukua watu 20 wamesimama pale, kila mmoja na shilingi 20 mkononi. Hiyo ni shilingi 400. Kwa bei yao ya 70, watu hao wote 20 wamenunua chini ya lita 6. Kama nao hununua kwa 52 kama wewe, foleni nzima imewaachia faida ya shilingi mia moja na kidogo, na hapo hatujatoa stima ya kupoza mashine wala kodi ya chumba. Hoteli yako moja ikichukua lita 8 asubuhi, mlango ukiwa nusu wazi na hakuna anayekuona, imeizidi foleni hiyo. Sisemi jirani hapati kitu. Huenda anapata, na huenda pia ana hoteli zake. Ninachosema ni kwamba kutoka mlangoni pako unaona watu tu, na lita zao huzioni.

Sasa, kwa nini watu hao walivuka barabara? Wewe uliamini ni bei, ukashusha hadi 65. Lakini bei zenu zilikuwa sawa walipohama, na uliposhusha hawakurudi. Tazama kikombe chako. Robo lita kwa shilingi 20 ni sawa na shilingi 80 kwa lita. Kwa mashine, shilingi 20 inatoa karibu mililita 285, na kikombe chako kinatoa 250. Mwenye shilingi 10 kule anapata chake na kuondoka na heshima yake, kwako hana kipimo. Wengi wa wapangaji wa Kaptembwo wanaishi chumba kimoja bila friji. Wananunua maziwa ya chai ya leo, na kesho ni siku nyingine. Mtu huyo hajawahi kuliona punguzo lako, kwa sababu hanunui lita. Kwake yeye bado wewe ndiwe ghali.

Waliofaidi punguzo ni zile hoteli nne. Hazikuwa zimekuhama wala kulalamika, na sasa unaziachia shilingi 5 kwa kila lita kati ya 35, yaani shilingi 175 kila siku, zaidi ya 5,000 kwa mwezi. Na ukitazama duka zima kwa bei ya lita, tukiacha vikombe kando ili hesabu iwe nyepesi: lita 80 zilikuwa zinakuachia 1,440 kwa siku. Leo lita 60 kwa faida ya 13 zinakuachia 780. Lita 60 hizohizo kwa bei ya zamani zingekuachia 1,080. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya ulichopoteza haikuvuka barabara. Hata ungebaki na lita 44 tu kwa bei ya 70, ungekuwa juu kidogo ya hapa ulipo. Sikulaumu kwa hilo. Ulishusha bei kwa sababu uliogopa, na wafanyabiashara wakubwa hufanya vivyo hivyo wakiogopa. Lakini kabla hujapunguza tena, au hujarudisha, ni vyema ujue pesa zinavujia wapi. Kurudisha 70 nako kuna hatari yake: watu hukumbuka bei ikipanda kuliko ikishuka, na mwenye hoteli mmoja anaweza kununa.

Kuna kitu ulikipitia haraka sana, nami nataka nikae hapo. Mala. Umeniambia ni ya kando. Lita 15 kwa shilingi 100, ukitoa 52 ya maziwa, zinakuachia 48 kila lita, yaani 720 kwa siku kabla ya gesi na ile inayoharibika. Dada, hiyo ni karibu sawa na faida ya lita zako zote 60 za maziwa ya kawaida. Na ni mahali ambapo mashine ile inayong'aa haijakugusa hata kidogo.

Hapo ndipo namfikia yule mke wa jirani anayemtuma mtoto. Umeamini wanakuchunguza. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba hawana mala, au wanayo ila si tamu kama yako, na mama mwenye nyumba anataka kula ugali wake vizuri. Wewe unawatazama wao jioni ukiona ushindi, nao pengine wanaonja mala yako wakijiuliza huyu mama hufanyaje. Sijui lipi ni kweli, nawe hujui bado. Ningekuomba tu usiweke nia mbaya mahali ambapo kuna sababu nyingine ya kawaida.

Unataka kuwajua. Sawa, kuna mengi unayoweza kuyajua bila kumnunua mtu. Mtume mwanao kule waziwazi, kama wao wanavyomtuma mtoto kwako, na shilingi 20. Mimina maziwa hayo kwenye kipimo chako uone kama mililita zinatimia. Yachemshe, utazame krimu inavyokaa juu, uonje. Weka mengine mezani pamoja na yako uone yapi yanaganda kwanza. Angalia wanafungua saa ngapi asubuhi, maana chai ya alfajiri ni biashara tofauti na chai ya jioni. Na zungumza na yule mama wa leso. Usimuulize kwa nini alikuacha, kwa sababu ataona aibu na kukupa uongo wa heshima. Muulize kule anapendea nini. Kisha waulize pia waliobaki kwako wanabakia nini. Kundi hili watu hulisahau, na nadhani ndilo lenye majibu yako mengi.

Kuhusu uvumi wa maji na dawa, nimependa kwamba ulinyamaza, na kwamba hukunificha furaha ya moyoni. Uvumi huo una makali pande zote mbili. Mtaa ukishaamini kwamba maziwa ya barabara hii yana dawa, mama mwenye mtoto mchanga hatachagua kati yenu, ataenda supamaketi. Ukiwa na shaka ya kweli, kipimo cha laktomita husaidia kuonyesha maji, kwa kawaida maziwa safi husoma kati ya 28 na 34 hivi, ingawa mtu akitoa krimu kisha akaongeza maji anaweza kukidanganya, na joto la maziwa nalo hubadilisha usomaji. Dawa haionekani kwa kipimo hicho. Wenye mamlaka ya kukagua ni Bodi ya Maziwa nchini, KDB. Lakini ukiwaita, jua watavuka barabara pia waje kwako. Hukusema kama maziwa yako unayachemsha kwanza ama unayauza yakiwa mabichi. Maziwa ya kuuzwa mjini yanatakiwa yawe yameuliwa viini kwa joto, nyuzi 63 kwa nusu saa au 72 kwa sekunde 15, na mwenye duka awe na leseni. Ikiwa jirani ametimiza hayo na wewe hujayatimiza, basi hapo ndipo amekuzidi kweli, na ndipo ningetaka upaone mapema kuliko pengine pote.

Jambo lingine ni majira. Walifungua baada ya Pasaka, mvua ya masika ikiwa imeanza. Nyasi ni nyingi, maziwa ni mengi, kila mkulima wa Njoro anatafuta pa kuuzia. Wakati huu hata duka la jana hupata maziwa. Subiri Januari na Februari, jua likikausha malisho. Bei ya mkulima hupanda, na mkulima humpelekea yule anayelipa kwa wakati, au aliyemnunulia hata siku za mafuriko ya maziwa bila kumkatalia. Wakati huo hamtagombania yule mama wa leso, mtagombania mtungi wa asubuhi. Wakulima wako wanakuonaje? Kijana wako wa bodaboda ana mkataba gani nawe, hata wa mdomo? Sioni jibu kwenye barua, na nadhani ni swali zito kuliko bango na muziki. Yale madeni ya hoteli ya kila wiki yanaingia hapo pia: ukichelewa kulipwa, nawe utachelewa kumlipa mkulima.

Nije kwa mumeo. Nasikia upendo katika anachosema. Yuko Naivasha, hawezi kusimama nawe dukani, anataka kukupigania kwa njia aliyo nayo. Mashine si wazo baya. Inapima kwa haki, inawafikia wenye shilingi 10, na mteja anaiamini. Lakini tuitazame kwa karatasi. Tuseme sacco yenu inatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na mnalipa kwa miezi 24. Mkopo wa 250,000 utawagharimu karibu 11,800 kila mwezi. Kwa faida ya shilingi 18, hiyo ni kama lita 650 za nyongeza kwa mwezi, takriban 22 kwa siku, za kulipia mashine tu. Lita zilizokuhama ni 20. Hata zikirudi zote, hazifiki. Kuna stima, kuna siku stima inapotea na maziwa yamo ndani, kuna fundi. Na mashine mbili zikitazamana barabara moja, mmoja wenu atajaribu kushusha bei, mwingine atafuata. Wadhamini nao ni watu mnaokula nao Krismasi. Kwa upande mwingine, ukikaa bila kubadilika kabisa, wapangaji wapya watakuwa wanaijua mashine tu, na lita 25 za jioni zilizobaki zinaweza kuendelea kupungua. Hilo nalo ni hatari, silifichi.

Kati ya mkopo na kukaa tu kuna njia nyingine za kuzijaribu kwa gharama ndogo. Unaweza kutafuta kipimo cha shilingi 10 na kukijaza kile cha 20 kwa haki, uone jioni zinabadilika au la. Unaweza kuongeza mala, na pengine yogati. Mume wako yuko jirani na Taasisi ya Mafunzo ya Maziwa pale Naivasha, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina idara ya maziwa. Anaweza kuulizia mafunzo badala ya kuulizia wadhamini tu. Ila mala huharibika, na siku ukianza kuifunga kwenye chupa zenye jina lako utahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS. Unaweza hata kuwauzia wale majirani mala kwa bei ya jumla. Najua wazo hilo linaweza kukuchoma. Linakuletea pesa kutoka kwenye foleni ile ile inayokuliza, lakini pia linawafunza soko lako, na siku moja wanaweza kuitengeneza wenyewe. Wewe ndiwe unayewajua, unasali nao.

Halafu yule kijana. Mambo mawili yamechanganyika ndani yake na ningependa uyatenganishe. La kwanza ni picha za simu. Jiulize utafanya nini na kila kitu kilichomo. Bei wanayowalipa wakulima, kijana wako wa bodaboda anaweza kukuambia kwa kuuliza tu njiani. Hoteli wanazopelekea, utazijua ukitembea asubuhi. Kinachobaki ni majina ya watu, madeni yao na namba zao za simu, na hao hawakumruhusu mtu kuyauza. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayolinda habari kama hizo, na mwenye kuzinunua si salama kuliko mwenye kuziuza. Kuna pia uwezekano kwamba ametumwa, au kwamba atavuka barabara kesho aseme mama ndiye aliyeniomba. Na akishajua siri kama hizo hulipiwa, kesho anaweza kuuza na zako. Umeniambia unamwogopa Mungu. Sitakuongezea hapo, umelisema mwenyewe vizuri zaidi.

La pili ni mshahara wake. Ikiwa kweli alifanya kazi mwezi mzima akafukuzwa bila kulipwa, ana haki ya kusikilizwa, na ofisi ya leba ya Nakuru ipo kwa ajili hiyo. Unaweza kumwelekeza huko bila kuzitazama picha. Unaweza pia kuamua usijiingize kabisa, kwa kuwa umesikia upande mmoja tu. Hata hivyo, lile alilokuambia, kwamba ukiona daftari utajua unapoachwa, si kweli. Daftari lao litakuonyesha wao. Lako litakuonyesha unapoachwa, na sina hakika kama unalo. Ukianza leo, andika lita za asubuhi mbali na za jioni, vikombe mbali na lita, mala peke yake, madeni peke yake. Kama unapokea kwa till ya M-Pesa, taarifa yake itakukumbusha hata siku ulizosahau kuandika.

Mumeo anakuja mwisho wa mwezi. Pengine hukubali wala hukatai mkopo siku hiyo. Keti naye, mweke karatasi mbele, mwambie hizi ndizo zinazoingia, hizi ndizo zilizohama, na hiki ndicho mashine itadai kila mwezi. Mwambie pia kwamba unalia. Sidhani anajua. Anaposikia hutaki kukopa anaweza kudhani umekata tamaa, na kwenye barua yako mimi sikuona mwanamke aliyekata tamaa. Niliona aliyechoka kusimama mlangoni kila jioni. Labda mkubaliane muda, tuseme hadi kiangazi, wa kujaribu vipimo na mala kabla ya kulizungumzia tena. Labda yeye ana habari za sacco nisizozijua mimi, zitakazobadilisha hesabu yangu yote.

Nitafurahi kusikia mlichokubaliana, hata kikiwa tofauti na yote niliyoandika hapa.

Wako,
Mshauri